Usipa au Kidonge? Mjadala wa Mafuta na Figo

Wilaya ya Ludewa ina pande mbili. Chini kuna Ziwa Nyasa na wavuvi wake, juu kuna vijiji vya wakulima, na Lugalawa ni kimojawapo. Mwaka 1996 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa madaktari wa Italia, wakiongozwa na Paolo Pauletto wa Padova, waliowapima watu zaidi ya 1,200 wa pande hizo mbili. Wa ziwani walikuwa wakila samaki, gramu 300 hadi 600 kwa siku. Wa milimani chakula chao kilikuwa cha mimea. Wastani wa presha ya wa ziwani ulikuwa 123/72, wa milimani 133/76. Waliokuwa na presha ya juu isiyo na ubishi walikuwa asilimia 2.8 ziwani na asilimia 16.4 milimani. Damu ya wala samaki ilikuwa na mafuta mengi ya omega 3, na lehemu yao ilikuwa chini.

Utafiti ule ulihusu presha na lehemu, lakini anayejua figo haoni umbali mkubwa. Presha huziua figo polepole, na figo zikichoka huipandisha presha zaidi. Ndiyo maana swali limekuwa likirudi: je, mtu akila mafuta ya namna hii miaka yote, figo zake zitadumu?

Nimewaketisha watu watatu wabishane. Wao ni wa kubuni, ila tafiti na takwimu wanazozitaja ni za kweli. Afisa Lishe ni kijana wa halmashauri. Daktari ni mama wa makamo, anafanya kazi kwenye kitengo cha kusafisha damu. Mama Dagaa anauza dagaa na samaki wakavu sokoni na amewazidi wote umri. Mimi nachokoza, na pale ninapoona mtu ameteleza nitasema.

AFISA LISHE: Shikamoo mama. Shikamoo dokta.

MAMA DAGAA: Marahaba, mwanangu. Anza basi, nina mzigo unaningoja.

AFISA LISHE: Nitaanza na Ludewa. Watu wa wilaya moja, lakini presha zimeachana hivyo. Na si Ludewa peke yake. Mwaka 2023 jarida la BMJ lilitoa matokeo ya tafiti 19 zilizounganishwa kutoka nchi 12, watu 25,570, na hakuna aliyeanza akiwa na ugonjwa sugu wa figo. Hawakuulizwa tu wanakula nini, maana mtu husema alichokula kwa kukisia. Walipimwa omega 3 ndani ya miili yao. Wakafuatiliwa, wengi wao kwa miaka 11 hivi. Walipogawanywa makundi matano, kundi lenye omega 3 nyingi zaidi ya samaki lilikuwa na hatari ya kuugua figo iliyo pungufu kwa asilimia 13 kuliko kundi la chini kabisa.

DAKTARI: Asilimia 13 ya nini, mdogo wangu? Tuliambie soko lielewe. Kati ya watu wale, karibu watu 19 katika kila 100 waliishia na ugonjwa wa figo. Ukipunguza asilimia 13 hapo, unaongea habari ya watu wawili au watatu katika mia, tena kwa miaka 11. Sisemi ni kitu kidogo. Nasema usiipigie debe kama chanjo.

AFISA LISHE: Watu wawili katika mia, ukienda kwa mkoa mzima, ni maelfu.

DAKTARI: Ikiwa ni samaki ndiye aliyewaokoa. Hapo ndipo ninapokwama. Mtu mwenye omega 3 nyingi mwilini, huko Ulaya na Marekani, mara nyingi ndiye mwenye hela ya kununua samaki, havuti sigara, anakwenda kupima afya. Watafiti walijitahidi kuyaondoa hayo kwenye hesabu, lakini hesabu haiwezi kuondoa kisichopimwa. Na Ludewa yako ni hivyo hivyo. Walipimwa mara moja, basi. Hakuna aliyemtoa mtu mlimani akampa samaki miaka kumi aone presha yake inakwenda wapi.

MAMA DAGAA: Niseme neno. Mtu wa ziwani na mtu wa mlimani hawatofautiani kwa kitoweo tu. Usipa, hawa dagaa wa Ziwa Nyasa, huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanalala, na mimi bei inanipanda. Sasa mtu anayekesha anavuta wavu, anapiga kasia, asubuhi anaanika, huyo mwili wake haufanani na wa mtu mwingine. Mnasema samaki. Mimi nasema na kasia pia.

Hapa Mama Dagaa amesema kwa sentensi chache kile ambacho majarida huchukua kurasa kukieleza. Wakulima wa milimani nao hawakai bure, jembe si mto wa kulalia, lakini hoja yake inasimama: kulinganisha vijiji viwili hakukupi kitu kimoja kilichotofautiana.

AFISA LISHE: Sawa, mama. Lakini kuna sababu ya ndani pia, ya kimwili. Kila figo ina vichujio vidogo kama milioni moja. Zote mbili huchuja lita 180 hivi za majimaji kwa siku, na karibu yote hurudishwa mwilini. Kuta za seli zetu zimejengwa kwa mafuta, na hujengwa kwa mafuta tunayokula. Omega 3 za samaki, zile za EPA na DHA, zikiingia kwenye kuta hizo huchukua nafasi ya mafuta ambayo mwili huyageuza kuwa kemikali za uvimbe. Uvimbe unapungua. Mafuta ya trigliseridi kwenye damu yanashuka. Presha inashuka kidogo. Vyote hivyo vinaigusa figo.

DAKTARI: Sababu nzuri haijawahi kuwa uthibitisho. Nikupe hadithi moja ya kitengo changu. Kuna ugonjwa wa figo unaoitwa nefropathi ya IgA, kinga ya mwili inajikusanya kwenye vichujio na kuvichafua. Mwaka 1994, Donadio na wenzake wa Mayo Clinic walitoa kwenye New England Journal of Medicine jaribio la wagonjwa 106. Nusu walipewa gramu 12 za mafuta ya samaki kila siku, nusu mafuta ya zeituni, kwa miaka miwili. Wale ambao kreatinini yao, taka ambayo figo zikichoka hujaa kwenye damu, ilipanda kwa nusu nzima au zaidi walikuwa asilimia 6 kwa waliopewa samaki, na asilimia 33 kwa wenzao. Unaona? Madaktari dunia nzima walianza kuandika mafuta ya samaki. Majaribio yaliyofuata hayakupata kitu kama hicho. Leo ni wachache wanaoyashikilia kama dawa ya ugonjwa ule.

AFISA LISHE: Ule ni ugonjwa mmoja, na wagonjwa ni wachache.

DAKTARI: Basi chukua ugonjwa unaotuletea watu wengi, kisukari. Marekani walifanya jaribio la VITAL-DKD, wakachapisha kwenye JAMA mwaka 2019. Watu wazima 1,312 wenye kisukari cha aina ya pili. Kwa kura, wengine wakapata gramu moja ya omega 3 kila siku, wengine kidonge kisicho na kitu. Miaka mitano. Kasi ya figo kuchuja ilishuka kwa mililita 12.2 kwa dakika kwa wenye omega 3 na 13.1 kwa wasiokuwa nayo. Tofauti hiyo kitakwimu ni kama haipo. Kura ndiyo inayoondoa habari ya kasia na ya hela na ya sigara, na ilipoyaondoa, samaki naye akayeyuka.

AFISA LISHE: Kilichoyeyuka ni kidonge, dokta, si samaki. Gramu moja! Umempa kijiko mtu aliyehitaji bakuli. Wale wa Ludewa walikula gramu 300 hadi 600 za samaki kwa siku, tangu utotoni. Wewe unampa mtu wa miaka sitini na kitu, mwenye kisukari tayari, kidonge juu ya soda na chipsi zake, halafu unashangaa figo haijasikia. Na samaki akiingia sahani, kuna kitu kinatoka. Nyama choma inatoka, soseji inatoka. Kidonge hakitoi kitu.

Hoja hii ya mwisho naiona ndiyo yenye nguvu kuliko zote alizoleta, na ni ajabu aliichelewesha. Chakula hakiongezwi tu, hubadilishana nafasi. Jaribio la kidonge linapima kuongeza. Maisha ya kijiji cha ziwani ni ya kubadilishana, siku kwa siku, miaka arobaini. Hivi si kitu kimoja, na matokeo ya kimoja hayawezi kulipa deni la kingine. Lakini ubaya wake ni kwamba kisichoweza kujaribiwa hakiwezi kukanushwa pia, na Daktari anajua.

DAKTARI: Ukisema hivyo, nikuulize: ni ushahidi gani utakaokufanya ukubali umeshindwa? Kila jaribio likikataa utasema dozi ndogo, muda mfupi, watu wazee.

AFISA LISHE: Nitakujibu kwa jaribio lililokubali. Mwaka 2025, PISCES, Canada na Australia. Watu 1,228 wanaosafishwa damu, wagonjwa kama wako. Gramu nne za mafuta ya samaki kwa siku, si moja. Matukio mazito ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 43. Kidonge hicho hicho unachokidharau, dozi ikiongezwa.

DAKTARI: Nimelisoma, na limenifurahisha kuliko wewe. Wagonjwa wangu wengi hawauawi na figo, wanauawa na moyo. Likithibitishwa tena, nitaandika dawa hiyo. Lakini sikiliza unachofanya: swali letu ni kuzuia figo isife, wewe umeniletea jibu la mtu ambaye figo zake zimekwisha kufa. Hata hao wa PISCES hawakurudishiwa figo.

MAMA DAGAA: Kwa hiyo niwaambie nini wateja? Maana mimi kila siku naulizwa habari ya alizeti. Chupa imeandikwa haina lehemu. Wananunua, wanakaangia dagaa wangu mpaka wanakuwa weusi, halafu wanasema wanalinda figo.

AFISA LISHE: Alizeti ni nzuri kuliko mafuta yanayoganda, mama. Ina omega 6 nyingi.

DAKTARI: Hilo la haina lehemu ni kweli tupu lisilo na maana. Mafuta yote ya mimea hayana lehemu, hata ya nazi, hata mawese. Tofauti ni kwamba ya nazi karibu yote ni mafuta ya kuganda, na mawese kama nusu yake. Ukiacha hayo ukatumia alizeti, lehemu ya damu inashuka, moyo unashukuru. Lakini figo? Rudi kwenye utafiti wake huyu wa BMJ. Omega 3 ya mimea, ile ya mbegu za kitani na soya, haikuwa na uhusiano wowote na ugonjwa wa figo, wala kuzuia wala kuleta. Mwili unaigeuza kidogo mno kuwa ile ya samaki.

AFISA LISHE: Wazee wa Chianti, huko Toscana, Italia, waliopimwa damu yao, wale wenye omega nyingi zaidi, omega 6 zikiwemo, figo zao zilishuka taratibu zaidi kwa miaka mitatu.

DAKTARI: Wazee wa Toscana, wanaokula zeituni na mboga na kupanda vilima kila asubuhi. Tumerudi kwenye kasia.

MAMA DAGAA: Ngojeni, hamjazungumza kitu ambacho mimi ndicho ninachokijua. Mnasema mafuta ya samaki kana kwamba yako chupani. Mafuta ya dagaa ni kitu kinachooza. Dagaa mzuri anang'aa kama fedha, ukimvunja analia, mkononi hanati. Akianikwa chini kwenye mchanga, mvua ikampata, au akakaa ghalani miezi, anageuka njano, halafu kahawia, na ukifungua gunia harufu inakupiga usoni: mafuta yamechacha. Wa kwenye chanja anakaa. Mteja mjinga anadhani njano ni unono. Mimi wale nawauzia wafugaji wa kuku, lakini wapo wanaowachanganya chini ya kisado na kuweka wazuri juu. Sasa mwenye kuchacha naye ana hiyo omega yenu?

Wote wawili walinyamaza kidogo, na si bure. Umbo lileile linalozuia mafuta ya samaki yasigande ndilo linaloyafanya yashikane na hewa kirahisi na kuharibika upesi. Jua kali, hewa, moto wa kukaangia na mafuta yanayorudiwa mara ya tatu na ya nne kwenye karai moja, vyote huyavunja. Tafiti za damu hazioni karai. Kwa nchi yetu, ambako dagaa wengi hufika mezani wakiwa wakavu, njia ya kutoka mwaloni hadi sufuriani huenda ndiyo inayoamua mafuta gani yatabaki, na hakuna kati ya watafiti waliotajwa hapa aliyeifuata.

DAKTARI: Na chumvi, mama. Huko pwani ng'onda na papa mkavu wanakaa ndani ya chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Mlo mmoja wa papa asiyelowekwa vizuri unaweza kuimaliza hiyo. Omega 3 ikishusha presha kidogo, chumvi inaipandisha kwa mkono mwingine.

MAMA DAGAA: Papa analowekwa usiku kucha, maji yanamwagwa mara mbili. Asiyejua hivyo hajalelewa pwani. Lakini nina swali la kweli. Kuna dada mmoja mteja wangu, mumewe anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Anataka kisado cha dagaa, ameambiwa ni dawa ya figo. Nimuuzie?

DAKTARI: Umuuzie wa watoto. Wa mume, hapana, mpaka azungumze na wanaomtibu. Dagaa analiwa na mifupa na kichwa. Mifupa ina fosforasi nyingi, na figo iliyokufa haitoi fosforasi nje. Inajaa kwenye damu, mwili unaanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa ya mgonjwa, ngozi inawasha mpaka analala amejikuna. Afadhali samaki mbichi, mnofu, kipande cha kiasi, asiwe wa chumvi. Hapo unaona kwa nini nakuwa mkali na neno dawa. Kinachoweza kumfaa mtu mzima mwenye figo nzima kinaweza kumdhuru mgonjwa.

AFISA LISHE: Hilo nakubali bila ubishi.

DAKTARI: Basi nikuongezee moja la kukubali. Mji wa Moshi na vijiji vyake. Watafiti wa hospitali ya KCMC na Chuo Kikuu cha Duke walipita nyumba kwa nyumba, wakachapisha mwaka 2015. Asilimia 7.0 ya watu wazima walikuwa na ugonjwa sugu wa figo. Mjini asilimia 15.2, vijijini asilimia 2.0. Huko Moshi hakuna Ziwa Nyasa, wala mjini wala kijijini. Anayekula ndizi mlimani anazidiwa samaki na yule wa mjini, bado figo zake ni nzima. Samaki yako yuko wapi hapo?

AFISA LISHE: Samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu wanafika mpaka vijijini.

DAKTARI: Perege. Samaki asiye na mafuta. Mafuta unayoyasifu yako kwa kibua, jodari, dagaa.

AFISA LISHE: Haya, nimekubali Moshi hainisaidii. Lakini haikusaidii wewe pia. Inaonyesha kuwa kuna kitu mjini kinachoua figo, na chakula kimo. Sukari, mafuta yaliyorudiwa, nyama za kusindikwa. Kumrudishia mtu wa mji samaki mara mbili au tatu kwa wiki badala ya hivyo, hata kama omega 3 haina muujiza, utapoteza nini?

DAKTARI: Nitapoteza hela na muda wako. Halmashauri yako ikipata fungu moja, wewe utachapisha mabango ya omega 3. Mimi ningenunua mashine ya presha kwa kila zahanati, na vijiti vya kupimia protini kwenye mkojo. Wagonjwa wangu wengi waliingia wodini hawajawahi kupimwa presha. Kuna wapagazi na wavuvi wanaomeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya mgongo, wananunua dukani bila cheti, na dawa hiyo inabana damu inayoingia kwenye figo. Mtu huyo akila kibua na diklofenaki pamoja, kibua hatashinda.

MAMA DAGAA: Wabebaji wangu wote wanaimeza hiyo. Wanaiita ya mgongo.

DAKTARI: Waambie waache, mama. Au waje niwapime kreatinini.

AFISA LISHE: Nakubali mashine. Sikubali kuwa ni hiki au kile. Presha ukishaipima utamwambia mgonjwa afanye nini? Utampa dawa na utamwambia abadili chakula. Chakula gani? Hapo utanihitaji, na mimi nitamwambia usipa, kibua, dagaa wa chanja, wa kuchemsha au mchuzi, si wa kukaanga mpaka weusi. Nitamwambia kwa sababu ushahidi wa moyo upo, wa presha upo, na wa figo unaelekea huko.

DAKTARI: Unaelekea. Neno hilo ukiliacha kwenye bango lako, tutapatana. Na siku ukileta jaribio la samaki wenyewe, si vidonge, watu wenye presha waliogawanywa kwa kura, miaka kumi, nitakuwa wa kwanza kulisoma.

AFISA LISHE: Nani atalilipia? Samaki hana hatimiliki ya kampuni.

MAMA DAGAA: Halmashauri ilipie. Dagaa nitawapimia mimi, kisado kwa kisado, wa chanja tu. Ila malipo mkononi. Ile zabuni ya shule mpaka leo sijaiona hela yake.